Namna ya kuendesha mjadala wa maadili katika kikundi cha wahumanisti: mwongozo kamili

Vikundi vingi vya wahumanisti huanza kwa moto na kuzimika mapema, na sababu ninayoiona mara nyingi ni moja: wanachama wanakutana ili kubishana kuhusu Mungu. Kikao cha kwanza kinachangamka, cha pili pia, na kufikia cha tano kila mtu ameshazijua hoja za mwenzake. Wanaobaki ni wale wanaopenda kushinda ubishi. Mama aliyekuja kwa sababu binti yake amepata mimba akiwa shuleni, au kijana anayejiuliza nani atamzika kama atakufa bila dini, hasikii neno linalomhusu. Wiki inayofuata haonekani.

Mhumanisti ni mtu anayeamini kwamba maadili yanaweza kusimama juu ya utu na hoja, bila kungoja amri kutoka mbinguni. Kwake yeye, kazi inaanzia kwa huyo mama na huyo kijana. Azimio lililopitishwa na wahumanisti wa dunia huko Glasgow mwaka 2022 linaweka msingi wa maadili kwenye uwezo wa viumbe hai kuumia na kustawi. Tukilichukua neno hilo kwa uzito wake, kila mjadala wetu uanze na mtu anayeumia, na uishie kwenye swali la nani afanye nini. Hatua zifuatazo ni za kikundi kidogo, cha watu 8 hadi 15, kinachoweza kukutana mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 1: Mahali, siku, na usalama wa watu

Tafuteni mahali penye faragha lakini pasipo na harufu ya siri: chumba cha mikutano cha maktaba, ukumbi mdogo wa hoteli ya kawaida, au sebule ya mwanachama mwenye nafasi. Mgahawa wenye muziki haufai. Jumamosi alasiri ni bora kuliko Jumapili, kwa sababu wanachama wengi bado wanaongozana na familia zao kanisani, na kukosekana kwao kunazua maswali nyumbani.

Hilo linaleta jambo la picha. Wapo wenzetu ambao mwenzi, mwajiri au mwenye nyumba hajui wanachokiamini, na siku akijua wanaweza kupoteza ndoa, kazi au paa. Kwa hiyo hakuna picha, hakuna kurekodi sauti, na kundi la WhatsApp lisiwe na jina linalojieleza. Tumieni pia ile kanuni iliyoanzia Chatham House, taasisi ya masuala ya kimataifa huko London, mwaka 1927: kilichosemwa unaweza kukibeba nje, aliyekisema humtaji.

Upande wa sheria, msiwe na woga, ila msiwe wazembe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani, na uhuru wa kukutana na kujumuika uko ibara ya 20. Kenya ina ibara ya 32 ya Katiba ya 2010, inayotaja dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Lakini nchi zote mbili zina vifungu vya jinai dhidi ya kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini: kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu Tanzania, na cha 138 Kenya. Kikundi kinachojadili hoja kwa heshima kiko mbali na vifungu hivyo. Kinachokaa kutukana mitume na mapadri kimejisogeza karibu navyo bila faida yoyote.

Kuhusu usajili, Sheria ya Vyama ya Kenya inahesabu kundi la watu 10 na zaidi kuwa chama, kwa hiyo mkifika hapo liangalieni mapema. Tanzania, ulizeni kwa msajili wa vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumbukeni pia kilichotokea Kenya: chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa hoja ya kulinda amani na utulivu. Wenyewe wakaenda mahakamani kupinga. Wekeni katiba, muhtasari wa vikao na hesabu zenu katika hali ya kuweza kuonyeshwa siku yoyote.

Hatua ya 2: Chagueni kisa, kisha tengenezeni swali

Hapa ndipo kikao kinapopona au kinapokufa, na ni siku nyingi kabla hamjakaa. Mada pana kama "ndoa za utotoni", "ushirikina" au "haki za wanawake" hazijadiliki. Kinachojadilika ni kisa chenye watu ndani yake, pamoja na swali ambalo watu wema wawili wanaweza kulijibu tofauti.

Chukua mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi Kanda ya Ziwa, Tanzania. Ukileta swali "Je, uchawi upo?", utapata saa tatu za hadithi na hakuna atakayeondoka na kitu. Badala yake uliza hivi: jirani amesikia bibi wa nyumba ya pili ameanza kuitwa mchawi, ana wajibu gani, na mpaka gharama ipi kwake na kwa watoto wake? Sasa mnazungumza kuhusu woga, ujirani, polisi, mwenyekiti wa kijiji, na mwanamke mmoja aliye hatarini usiku huu. Asiyeamini uchawi na anayeuamini kidogo wanaweza kukaa meza moja wakalitafuta jibu.

Au Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi huku mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaupitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mkiulizana kama ndoa za utotoni ni mbaya, wote mtasema ndiyo na kikao kitaisha baada ya dakika kumi. Ulizeni kuhusu baba ambaye binti yake ameacha shule, nyumbani chakula hakitoshi, na mchumba amekuja na mahari. Mtamwambia nini baba huyo ambacho yeye mwenyewe anaweza kukifanya kesho asubuhi? Swali hilo linauma, na linatukumbusha kwamba maadili ambayo maskini hawezi kuyamudu hayajakamilika.

Kipimo changu cha swali zuri ni hiki: lina mtu anayetakiwa kuamua, lina wakati wa kuamua, na angalau wanachama wawili wanakuja wakiwa na majibu yanayopingana. Likikosa cha tatu, lifanyeni kuwa somo, siyo mjadala.

Hatua ya 3: Karatasi ya ukweli

Mteueni mchokoza mada wiki mbili kabla. Kazi yake ni kuandaa karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo yaliyothibitika tu: nini kilitokea, lini, sheria inasemaje, watafiti au madaktari wanasemaje. Maoni yake ayaache nje.

Karatasi hii inaokoa muda na wakati mwingine inabadilisha mjadala wote. Katika mfano wa vikongwe, macho mekundu yamekuwa yakichukuliwa kuwa alama ya uchawi. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi kavu katika jiko lisilo na pa kutolea moshi. Mstari huo mmoja, ukiwa kwenye karatasi, unaufanya mjadala uanze kuzungumzia majiko na kliniki za macho, mahali ambapo kikundi kidogo kinaweza kusaidia kweli.

Itumeni karatasi siku tatu kabla, kwa Kiswahili. Mwanachama asiyesoma sana Kiingereza ana haki ileile ya kufikiri kwa kina, na akipewa andiko la Kiingereza anakuja kusikiliza tu.

Hatua ya 4: Majukumu na zamu za kuzungumza

Mnahitaji watu watatu. Mwongozaji hatoi maoni siku hiyo. Mtunza muda ana simu mkononi na ruhusa ya kumkatiza yeyote. Mwandishi anaandika hoja bila majina. Majukumu yazunguke kila mwezi, la sivyo mwongozaji wa kudumu anageuka kuwa mchungaji wa aina nyingine.

Mpangilio wa zamu una uzito mkubwa kwetu kwa sababu ya umri. Shikamoo zikishatolewa mlangoni na watu wakaketi kwenye duara, mdogo kuliko wote aanze kuchangia, mkubwa amalizie. Mzee akitangulia kusema, vijana watazunguka maneno yake hata kama hawakubaliani nayo, na wasichana watanyamaza kabisa. Wazee wenye busara hulipenda jambo hili wakielezwa sababu. Heshima ibaki palepale: anaitwa mzee au mama, na anayempinga aseme, "Kwa ruhusa yako mzee, hapo naona tofauti," kisha atoe hoja yake yote bila kuipunguza.

Mzunguko wa kwanza kila mtu apewe dakika mbili, na mwenye kutaka kupita apite. Hakuna kujibizana mpaka mzunguko uishe.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Nitaipitia hatua hii kwa kisa kimoja ninachokipendekeza kwa kila kikundi kipya, kwa sababu kinamgusa kila mwanachama: mazishi ya S.M. Otieno.

Otieno alikuwa wakili maarufu jijini Nairobi, Mjaluo, mume wa Wambui Otieno, Mkikuyu aliyekuwa amepigania uhuru wakati wa Mau Mau. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ndugu na ukoo wa Umira Kager wakasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda ngazi za mahakama, maiti ikiwa mochwari kwa takriban miezi mitano. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Wambui akiwa hayupo. Otieno hakuacha maandishi. Mashahidi walipingana kuhusu alichokuwa akikisema alipokuwa hai; mchimba makaburi mmoja aliieleza mahakama kwamba Otieno alimwambia azikwe pembeni ya kaburi la baba yake. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye aliitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila za Waluo.

Swali la kikao: mtu akifa bila kuacha maandishi, nani awe na kauli ya mwisho juu ya mazishi yake?

*Saa 9:00 hadi 9:20, ukweli.* Mchokoza mada anasimulia, wengine wanauliza maswali ya ukweli tu. Mtu akianza na "mimi naona," mwongozaji amzuie kwa upole. Dakika hizi ishirini zinawachosha wenye haraka, lakini msizifupishe.

*9:20 hadi 9:45, nani anaguswa.* Mwandishi achore ubaoni jina la kila anayeathirika na anachopoteza. Mjane anapoteza nafasi ya kumsindikiza mumewe. Watoto wanaambiwa kwamba nyumba waliyokulia si kwao. Ndugu wanaona aibu mbele ya ukoo mzima, na wanaoamini habari za mizimu wana hofu ya kweli, hata kama wewe huamini inakotoka. Marehemu mwenyewe je, anaweza kudhulumiwa? Mpeni swali hilo dakika tano nzima. Wahumanisti wengi husema aliyekufa hahisi kitu, halafu wanagundua kwamba wao wenyewe wangeumia sana kujua leo kwamba watazikwa kwa ibada wasiyoiamini.

*9:45 hadi 10:30, hoja.* Kila anayechangia amalizie sentensi hii: "Naona fulani ndiye aamue, kwa sababu…" Bila "kwa sababu", mchango haujakamilika. Mwongozaji anafuatilia sababu: je, ukiipeleka mahali pengine bado inasimama? Anayesema mjane ndiye aamue kwa kuwa aliishi naye, aulizwe kuhusu mjane aliyetengana na mumewe miaka kumi. Anayesema ukoo uamue kwa kuwa ndio mila, aulizwe kuhusu mila ya kurithi wajane. Jibu la "sababu zinatofautiana kwa kila kisa" linakubalika, mradi aseme zinatofautiana kwa kigezo gani.

Mapumziko ya dakika kumi, chai iwepo. Mabishano mengi makali hulainika kwenye foleni ya chai.

*10:40 hadi 11:00, kugeuza viti.* Aliyemtetea mjane sasa amtetee ndugu wa marehemu, na kwa nguvu zilezile. Mwanafalsafa John Rawls alipendekeza mwaka 1971 kwamba tufikirie kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutakuwa nani ndani yake. Zoezi hili ni namna ya kulifanya wazo hilo kwa mdomo. Linafaa kuliko yote pale kikundi kizima kinapokubaliana haraka. Mkiwa mnajadili Shakahola, kwa mfano, msitu wa Kilifi ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kanisa moja, karibu kila mhumanisti atasema serikali iwape wahubiri leseni. Geuzeni viti: mpeni mtu kazi ya kuwa ofisa mwenye uwezo wa kuamua imani ipi ni hatari, kisha mumuulize atawafanya nini ninyi. Waliokumbuka yaliyokipata kile chama cha wasioamini Mungu cha Kenya mwaka 2016 watalijibu kwa makini zaidi.

*11:00 hadi 11:30, azimio.* Hamhitaji kupiga kura juu ya nani alikuwa na haki. Mnahitaji kusema mtafanya nini. Katika mada ya mazishi, kikundi kilicho makini hutoka na mambo kama haya: kila mwanachama aandike matakwa yake ya mazishi, ayasaini mbele ya mashahidi wawili, nakala moja abaki nayo mtu wa familia anayeaminika, amwambie mwenzi wake kwa mdomo angali hai, na kikundi kianzishe mfuko wa kufa na kuzikana. Mahakama za Kenya zimeshasema kwamba matakwa ya marehemu hayaifungi mahakama lakini yatimizwe kadiri inavyowezekana, kwa hiyo karatasi ina thamani ingawa haitoshi peke yake. Na mfuko usidharauliwe. Familia inayopata jeneza, usafiri na watu wa kuchimba kaburi kutoka kwa wenzako wa kikundi itawasikiliza kuliko familia inayoletewa barua tu.

Hatua ya 6: Mambo yanayoharibu kikao, na dawa yake

Mjadala kugeuka kuwa wa kuwepo au kutokuwepo kwa Mungu ndilo tatizo la kila mahali. Wekeni kona ya ubao iliyoandikwa "siku nyingine", mwongozaji aandike hoja hiyo pale na kuendelea. Tengeni kweli siku yake, mara moja au mbili kwa mwaka, ili watu wasione wamezibwa midomo.

Karibisheni waumini. Shekhe, mchungaji au katekista anayekubali utaratibu wenu atawanoa kuliko mwanachama mwenzenu. Mwambieni mapema kwamba hapa hakuna atakayemhubiria naye hahubiri. Yeyote atakayemdhihaki mgeni kwa imani yake atoke nje, awe mwanzilishi wa kikundi au nani. Katika hili sioni nafasi ya kulegeza.

La tatu ni zito zaidi. Mkijadili ukeketaji, utoaji mimba, kubakwa au kipigo cha nyumbani, chukulieni kwamba ndani ya chumba yupo aliyepitia. Tangazeni mada mapema ili mtu aweze kutokuja bila kujieleza. Asilazimishwe mtu kutoa ushuhuda, na akiutoa, usijadiliwe kama hoja. Mshukuruni, mpumzike, na mtu mmoja aliyepangwa akae naye. Mwandishi asiandike chochote. Kuweni na namba mkononi: 116 ya kusaidia watoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya, na 1195 ya ukatili wa kijinsia nchini Kenya. Mkisikia kuhusu mtoto aliye hatarini sasa hivi, ahirisheni kikao mshughulike na mtoto.

Msemaji mmoja kutawala, kuchelewa, simu: mtunza muda anatosha.

Hatua ya 7: Baada ya kikao

Ndani ya siku mbili mwandishi atume muhtasari wa nusu ukurasa: swali, hoja tatu zenye nguvu kutoka pande tofauti, azimio, na nani anafanya nini kufikia lini. Hoja ya walio wachache iandikwe kwa ukamilifu uleule. Mwenye hoja hiyo akiusoma muhtasari anapaswa kusema, ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha. Kama hasemi hivyo, muhtasari urekebishwe.

Kikao kinachofuata kianze na dakika kumi za kuangalia maazimio. Kama karatasi za mazishi zimeandikwa na watu wanne kati ya kumi na wawili, ulizeni waliobaki kinachowakwamisha, kwa sababu mara nyingi jibu lao ni mada mpya: mume hajui, mama mzazi ataumia, kijana anaogopa kuandika neno kifo kwa mkono wake. Chagueni hapo hapo kisa cha mwezi ujao, mteue mchokoza mada, na mpeni nauli ya kwenda maktaba au mahakamani kutafuta hukumu iliyochapishwa, kama kisa chake kina kesi.